Ghala la SourceForge na Mabwana Wake Watatu

Alhamisi ya tarehe 9 Desemba 1999, hisa za kampuni ya VA Linux Systems ziliingia kwa mara ya kwanza katika soko la Nasdaq. Bei iliyopangwa ilikuwa dola 30. Kuna saa siku hiyo ziligusa dola 320, na soko lilipofungwa jioni hisa moja ilikuwa dola 239.25. Kampuni nyingine ya Marekani iliyopanda hivyo siku yake ya kwanza, karibu asilimia 700, haikuwapo. Eric Raymond, mtetezi mashuhuri wa programu huria aliyekuwa kwenye bodi ya wakurugenzi, alikuwa na hisa 150,000. Akaandika waraka wa wazi kuhusu utajiri uliomwangukia ghafla, na humo akawakumbusha wasomaji kwamba hangeweza kuuza hata hisa moja kabla ya miezi sita kupita. Miezi sita ilipopita, sehemu kubwa ya utajiri ule ilikuwa imeyeyuka.

Waliogombania hisa zile walidhani wananunua kiwanda cha kompyuta. Kwenye vitabu vya hesabu hivyo ndivyo ilivyokuwa: VA ilipata pesa kwa kuunda na kuuza seva. Lakini kampuni hiyo hiyo ilikuwa imefungua tovuti wiki tatu kabla, tarehe 17 Novemba, na tovuti hiyo ndiyo ingebaki baada ya seva, jina la kampuni na mabilioni ya karatasi kwisha. Iliitwa SourceForge.

Larry Augustin alianzisha VA mwaka 1993 pamoja na James Vera, wakati bado anasomea shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Stanford, California. Enzi hizo mtafiti aliyetaka kompyuta ya maana alinunua ya Sun Microsystems, na bei yake haikuwa ya mwanafunzi. Augustin aliona kwamba akikusanya vipuri vya kompyuta za kawaida, akaviunga mwenyewe na kuweka mfumo endeshi wa Linux, anapata mashine inayoshindana na ya Sun kwa sehemu ndogo tu ya gharama. Wenzake wakaitaka. Baadaye wakaitaka hata watu wasiomjua, na kufikia mwaka 1998 Intel na Sequoia Capital walikuwa wametia fedha zao.

Kwa nini muuza seva afungue tovuti ya kupakua programu bure? Mtu aliyetaka kuandika programu huria miaka ile, yaani programu ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuubadilisha na kuusambaza, alikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ni kuandika. Ya pili, iliyowashinda wengi, ni kutafuta pa kuweka kazi yake: seva ya kuhifadhi faili, mfumo wa kutunza matoleo ya msimbo ili watu kumi wasifutiane kazi, orodha ya barua pepe ya kujadiliana, daftari la kuandikia hitilafu. Mwenye bahati alipewa nafasi na chuo chake, kisha akaipoteza siku aliyohitimu. Kikundi kidogo cha vijana wa VA, Tony Guntharp akiwa mmojawao, kikaamua kuvikusanya vyote hivyo mahali pamoja na kumpa kila anayeomba. Sharti lilikuwa moja tu, mradi uwe na leseni huria.

Hesabu ya VA haikuwa ya kijinga. Kila programu nzuri iliyostawi juu ya Linux ilimpa mtu mwingine sababu ya kununua seva ya Linux, na VA ndiyo iliyokuwa ikiuza seva hizo. Gharama ya SourceForge ikahesabiwa kuwa gharama ya kutangaza biashara. Kasoro ya hesabu za namna hiyo ni kwamba zinasimama maadamu biashara inayotangazwa ipo.

Waandishi wa programu walikuja kwa maelfu. Mtu aliyejiandikisha usiku huko Prague au São Paulo alipewa ukurasa wake, hifadhi yake ya msimbo na nafasi ya kuweka faili za kupakuliwa. Kufikia Februari 2009 palikuwa na miradi zaidi ya 230,000 na watumiaji waliojiandikisha zaidi ya milioni 2. Mingi ya miradi hiyo ilikuwa mitupu, jina na ahadi bila kitu. Lakini mingine ilikuwa 7-Zip, FileZilla, Audacity, Notepad++, phpMyAdmin na eMule. Hiyo ya mwisho, programu ya kubadilishana faili ambayo wenye haki za muziki waliichukia, ilipakuliwa mara mamia ya mamilioni.

Jambo moja halikuandikwa sana wakati ule, na kwangu ndilo kiini cha historia hii. Mzigo wa kugawa faili zile haukubebwa na kampuni peke yake. Faili moja ilinakiliwa kwenye seva za taasisi zilizojitolea katika mabara mbalimbali: HEAnet, mtandao wa vyuo vya Ireland, SWITCH, wa vyuo vya Uswisi, taasisi ya JAIST huko Japani, TENET ya Afrika Kusini, na baadaye Liquid Telecom jijini Nairobi. Ulipobonyeza kupakua, SourceForge ilikutafutia seva iliyo karibu nawe. Kwa hiyo programu iliandikwa na watu wasiolipwa, ikasafirishwa kwa umeme na nyaya za taasisi zisizodai malipo, na kampuni ikakaa katikati, kwenye ukurasa wenye kitufe. Kitufe hicho ndicho pekee ilichoweza kukiuza.

Afrika Mashariki tulikifikia kitufe hicho kwa njia ndefu. Kabla ya nyaya za SEACOM na TEAMS kufika pwani yetu mwaka 2009, intaneti ilipitia setilaiti, na faili la megabaiti 20 lilikuwa shughuli ya asubuhi nzima katika kafe ya kulipia kwa dakika. Aliyepakua mara moja alipakua kwa niaba ya mtaa. Fundi wa kompyuta alikuwa na CD yake, baadaye flashi, iliyojaa programu za bure: ya kufungulia faili zilizobanwa, ya kusikilizia muziki, ya kuhamishia kurasa kwenye seva. Wateja wake wengi hawakuwahi kulisikia jina SourceForge, ingawa nusu ya vilivyomo kwenye ile CD vilianzia huko.

Kwa hiyo ghala lilikuwa na milango miwili. Mmoja waliingia waandishi, waliojua kusoma msimbo, kulalamika na kuhama. Mwingine waliingia wapakuaji, wengi wao wenye Windows, waliotaka tu faili lifunguke. Waandishi walikuwa wachache na hawakubonyeza matangazo. Wapakuaji walikuwa mamilioni, na walibonyeza chochote kilichofanana na neno walilokuwa wakilitafuta.

Mwaka 2000 VA ilikuwa bado inalewa fedha za karatasi. Ilikubali kuinunua Andover.net, mmiliki wa Slashdot, tovuti ya habari iliyopendwa mno na watu wa kompyuta, kwa hisa zilizokadiriwa kuwa mamia ya mamilioni ya dola. Ndani ya kapu hilo lilikuwamo duka dogo la mtandaoni liitwalo ThinkGeek, lililouza fulana na vichezeo vya wapenda kompyuta. Hakuna aliyelitilia maanani. Kisha kampuni changa za intaneti, ambazo ndizo zilizokuwa wateja wakubwa wa seva za VA, zikaanza kufa moja baada ya nyingine. Juni 2001 VA ikatangaza kwamba inaacha kabisa kuunda mashine. Desemba ikajiita VA Software. Mwaka 2002 hisa iliyowahi kufika dola 320 ilikuwa inauzwa chini ya dola moja.

Sasa tangazo lilikuwa limebaki bila bidhaa ya kutangazwa. Wakuu wa kampuni wakaigeuza SourceForge yenyewe kuwa bidhaa: toleo la kulipia, kwa ajili ya makampuni makubwa yaliyotaka kusimamia waandishi wao kwa mtindo ule ule. Ili toleo hilo liwe na thamani, msimbo unaoendesha tovuti, ambao mwanzoni ulikuwa huria, ukafungwa. Nyumba ya programu huria ikawa inaendeshwa na programu isiyo huria. Waliokasirika hawakuishia kunung'unika. Watu wa mradi wa GNU wakachukua msimbo wa zamani wakajenga ghala lao, Savannah. Tim Perdue, mmoja wa waliojenga SourceForge yenyewe, akatoka na kutengeneza GForge. Onyo la kwanza lilikuwa hilo, na lilisemwa kwa lugha ambayo kampuni ilipaswa kuielewa: ukifunga, wenzako wana nakala.

Biashara ya toleo la kulipia haikwenda mbali, ikauzwa kwa kampuni ya CollabNet mwaka 2007. Kampuni ikajiita SourceForge Inc., na miaka miwili baadaye ikajiita Geeknet. Majina yalibadilika, lakini vilivyowalipa mishahara vikawa viwili tu: matangazo kwenye kurasa, na lile duka la fulana ambalo hakuna aliyelitilia maanani.

Januari 2010 palitokea jambo lililowagusa wapakuaji wa mbali. SourceForge ilianza kuwazuia watu wa Cuba, Iran, Korea Kaskazini, Sudan na Syria wasipakue chochote, kwa hoja kwamba sheria za vikwazo za Marekani zinaibana. Kelele zilikuwa kubwa, maana leseni za programu huria hazitakiwi kubagua mtu kwa nchi yake. Wiki chache baadaye kampuni ikarudisha uamuzi kwa wenye miradi, kila mmoja achague kama wake uzuiwe au la. Kwa msomaji wa Khartoum haikuwa habari ndogo. Ghala aliloliona la dunia nzima lilikuwa na anwani California.

Wakati huo mlango wa waandishi ulikuwa unapoteza watu. Mwaka 2005 Linus Torvalds, aliyeanzisha Linux, alikuwa ameandika Git, mfumo mpya wa kutunza matoleo ya msimbo, na mwaka 2008 GitHub ikafunguliwa juu ya mfumo huo. Kwenye SourceForge, mwenye mradi mpya alizoea kujaza fomu na kusubiri akubaliwe. Kwenye GitHub alianza papo hapo, na mtu asiyemjua aliweza kunakili msimbo wake, kuurekebisha na kumpelekea marekebisho bila kuomba ruhusa ya mtu. Ukurasa wa GitHub ulifunguka kwenye msimbo. Wa SourceForge ulifunguka kwenye kitufe cha kupakua, na pembeni yake matangazo. Waandishi wakaenda kulikokuwa na msimbo.

Ndipo alipoingia bwana wa pili. Septemba 2012 Geeknet iliuza SourceForge, Slashdot na tovuti iitwayo Freecode kwa Dice Holdings, kwa jumla ya dola milioni 20. Dice iliendesha tovuti ya nafasi za kazi kwa watu wa teknolojia, na ilitaka kuwafikia waandishi wa programu pale wanapokusanyika. Ilichelewa. Ilinunua mahali ambapo waandishi walikuwa wanahama na wapakuaji wanabaki.

Dice ilifanya kile ambacho mwenye wapakuaji wengi na waandishi wachache hushawishika kufanya. Julai 2013 ikaanzisha mpango wa DevShare. Mpakuaji aliyebonyeza kitufe hakupata programu aliyoiomba, alipata kisakinishi kidogo cha SourceForge. Kilipofunguliwa kilimtafutia programu yake, na njiani kikamwekea mbele programu nyingine za watangazaji, kama vile upau wa kutafutia wa kuongezwa kwenye kivinjari. Asiyesoma kwa makini alikubali, na mapato yakagawanywa kati ya kampuni na mwandishi. Mwandishi alijiunga kwa hiari yake. FileZilla ilikuwa miongoni mwa walioingia. Hiari ya mpakuaji ilikuwa kutambua ni kitufe kipi cha kukataa.

Sina hakika kwamba ni haki kuilaumu Dice peke yake. Tovuti za kupakua karibu zote zilikuwa zinafanya vivyo hivyo. Download.com ya kampuni ya CNET ilikuwa imeifunga hata Nmap, programu ya kukagua usalama wa mitandao, ndani ya kisakinishi cha aina hiyo mwaka 2011. Tofauti ni kwamba Download.com haikuwahi kujitambulisha kuwa nyumba ya programu huria. Watu walikwenda SourceForge kwa kuwa walidhani humo hamna mtego.

Waandishi wa GIMP, programu huria ya kuhariri picha, walikuwa wa kwanza kuondoka kwa kishindo. Novemba 2013 walitangaza kwamba faili zao za Windows hazitapatikana tena SourceForge. Sababu zao zilikuwa mbili: matangazo yenye vitufe bandia vya kupakua yaliyowapoteza watumiaji, na kisakinishi kipya. Wakahamishia faili kwenye seva zao. Ukurasa wao wa zamani ukabaki, umekaa kimya.

Mei 2015 ukurasa ule ukaamka bila wenyewe. Mtunzaji wake alikuta ameondolewa mamlaka, mwenye mradi sasa ni akaunti iitwayo sf-editor1, na anayepakua GIMP hapo anapewa kisakinishi chenye matangazo. SourceForge ilijitetea kwamba ukurasa ulikuwa umetelekezwa zaidi ya mwaka, nayo ilikuwa inautunza tu kwa faida ya watumiaji.

Kisheria kampuni haikukosa pa kusimama. GIMP iko chini ya leseni ya GPL, na leseni hiyo inamruhusu yeyote kusambaza programu, hata kwa faida. Ndiyo maana hoja ya waandishi haikuwa ya sheria. Walisema kwamba hawakutelekeza mradi, walihama, tena walitangaza kwamba wanahama na sababu yake. Mtu anayehama nyumba kwa kuwa kuna mbu hajaacha ruhusa ya kufugiwa mbu kwa jina lake. Jina lililokuwa juu ya ukurasa lilikuwa GIMP, sifa iliyompeleka mpakuaji pale ilikuwa ya GIMP, na takataka iliyoingia kwenye kompyuta yake angeihesabu kuwa ya GIMP.

Tarehe 1 Juni SourceForge ikatangaza kwamba haitaweka tena matangazo ya namna hiyo kwenye miradi isiyotunzwa na wenyewe. Ilikuwa imechelewa. Siku mbili baadaye Gordon Lyon, mwandishi wa Nmap, akawatahadharisha watumiaji wake kwamba ukurasa wa Nmap nao umechukuliwa na sf-editor1. Faili za pale zilikuwa bado safi, na hilo alilisema waziwazi. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na Lyon alikuwa ameshaumwa na Download.com. Notepad++ ikatangaza kuondoka mwezi huo huo.

Wiki ile ile, bila uhusiano wowote na mkasa huu, Geeknet ilifikia mwisho wake. Tarehe 2 Juni 2015 GameStop, wauzaji wa michezo ya video, walitangaza kuinunua kwa dola milioni 140. Walilitaka duka la fulana na vichezeo. Hivyo ndivyo ilivyoishia kampuni iliyovunja rekodi ya Nasdaq kwa seva za Linux, na naona ni mwisho wa heshima kuliko wanavyoudhani wengi: ThinkGeek angalau iliuza kile ilichosema inauza.

Katikati ya Julai hifadhi ya data ya SourceForge ikaharibika, na huduma zake zikawa chini kwa siku kadhaa. Mwisho wa mwezi Dice, iliyokuwa imeshabadili jina kuwa DHI Group, ikasema inatafuta mnunuzi.

Bwana wa tatu alipatikana Januari 2016: BIZX, kampuni ya San Diego. Logan Abbott, aliyepewa kuiongoza, alianza na jambo ambalo lingeweza kufanywa siku yoyote tangu 2013. Februari akaifuta DevShare kabisa. Mwaka huo huo tovuti ikaanza kukagua miradi kama ina programu hatarishi na kumwonya mpakuaji kabla hajachukua faili. Abbott alikwenda pia kuzungumza na waandishi huko huko walikokuwa wakiitukana tovuti yake, akijibu mmoja mmoja. Kwa mtu aliyenunua jina lililochafuka, sijui kama kulikuwa na njia nyingine.

Juni 2018 Microsoft ilitangaza kuinunua GitHub kwa hisa za thamani ya dola bilioni 7.5. Kuna waandishi waliopatwa na hofu ya kumilikiwa na jitu lile, na SourceForge ikawakumbusha kwamba ina zana ya kuhamishia miradi kutoka GitHub. Wengine wakahama kweli, ila wimbi halikutokea. Mlango wa waandishi ulikuwa umefungwa muda mrefu mno.

Wa wapakuaji haujafungwa. SourceForge inajiendesha sasa kwa matangazo na kwa kuwasaidia wafanyabiashara kulinganisha programu za kulipia, na faili huria bado zinatoka kwenye seva zilizotapakaa duniani. Igor Pavlov, aliyeandika 7-Zip, hakuondoka hata wakati wa sf-editor1. GIMP haikurudi: faili zake za Windows zinatoka kwenye tovuti ya mradi wenyewe, zikigawanywa na seva za vyuo na taasisi zinazojitolea, utaratibu ule ule wa zamani, isipokuwa katikati hakuna kampuni.